NAS ya studio ndogo: lipia matundu matupu, si diski ndogo nyingi

Swali: Tuna studio ya picha na video hapa Mwanza. Tunafanya harusi, sendoff na vipaimara, na tuko watatu wa kuediti. Kazi zote ziko kwenye eksteno (diski za nje) sita, jumla kama TB 6, na kila mwezi inaongezeka karibu GB 300. Juzi eksteno moja ilianguka mezani na harusi mbili zikaenda nayo. Tunataka NAS, yaani kasha la diski linalotumiwa na kompyuta zote kupitia netiweki, ya bei nafuu itakayotubeba miaka minne au mitano bila kununua upya. Duka moja linasema tuchukue ya diski mbili, tukijaa tutanunua kasha la kupanulia la pembeni. Duka jingine linasema ya diski nne, tuijaze diski za TB 4 kwa kuwa ndizo za bei rahisi. Tufuate lipi?

Jibu: Kila duka limewapa nusu ya ushauri. La pili liko sahihi kuhusu kasha, limekosea kuhusu diski. La kwanza liko sahihi kuhusu kuanza na diski mbili, limekosea kuhusu kasha. Nunueni kasha la matundu manne ya diski, wekeni diski mbili tu za TB 12 zinazobeba kitu kile kile, na matundu mawili yabaki wazi.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua. Mna TB 6 na mnaongeza GB 300 kwa mwezi, yaani TB 3.6 kwa mwaka. NAS haijazwi hadi shingoni. Ikifika asilimia 85 ihesabuni imejaa, kwa sababu mfumo wa faili unahitaji nafasi ya kufanyia kazi na ya kutunza matoleo ya zamani ya faili.

RAID ni namna ya kuunga diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Diski nne za TB 4 zikiungwa kwa RAID 5 huwapa TB 12, kwa kuwa ujazo wa diski moja huchukuliwa na taarifa za kuokolea pale diski mojawapo ikifa. Diski mbili za TB 12 zikiwekwa pacha, yaani RAID 1, huwapa TB 12 hizo hizo. Asilimia 85 ya TB 12 ni TB 10.2. Ukitoa TB 6 mlizo nazo, zimebaki TB 4.2, ambazo ni miezi 14. Hadi hapo ngoma droo.

Tofauti inaonekana mwezi wa 15. Mwenye diski nne ndogo hana tundu la kuongezea, kwa hiyo lazima atoe diski nzima isiyo na kosa na kuweka kubwa mahali pake. Tena kubwa ya kwanza peke yake haimwongezei kitu, kwa sababu ziada yake haina mwenzake wa kuilinda. Lazima abadilishe mbili. Akitoa TB 4 mbili na kuweka TB 12 mbili, kwenye mfumo unaokubali ujazo mchanganyiko anapata TB 20, na diski mbili zimebaki kabatini. Kwenye RAID 5 ya kawaida hata hizo TB 20 hazipati, kwa kuwa kila diski huhesabiwa kwa ujazo wa ile ndogo kuliko zote. Mwenye diski mbili za TB 12 ananunua moja tu ya tatu, anaisukuma kwenye tundu, na ana TB 24. Kwa kasi yenu ya kazi hizo zinamfikisha mwaka wa nne. Diski ya nne ikiingia anafika TB 36, na sitarajii muijaze kabla ya mwaka wa sita.

Kuhusu bei, msiangalie bei ya diski moja. Gawanyeni bei kwa idadi ya TB. Mkifanya hivyo dukani mtaona TB 4 ndiyo ghali kati ya zote zilizopangwa pale, kwa sababu mota na kifuniko vinagharimu karibu sawa iwe diski ndogo au kubwa. Ni kweli mnaanza na TB 24 za kununua badala ya TB 16, na siku ya kwanza mtalipa zaidi kidogo. Lakini mtu wa diski nne ndogo anazilipia mara mbili.

(Msishtuke kompyuta ikiwaonyesha TB 10.9 badala ya 12. Watengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Duka halijawaibia.)

Kasha la kupanulia la pembeni

Ushauri wa duka la kwanza una kasoro tatu. Ya kwanza ni kwamba si kila NAS ya diski mbili inapokea kasha la pembeni. Synology DS223, kwa mfano, haipokei kabisa, ingawa ndiyo mara nyingi huwekwa mbele ya mteja mwenye bajeti ndogo. Aliyeinunua akitarajia kupanua hana pa kwenda.

Ya pili ni bei. DS723+ ya matundu mawili ilitoka kwa dola 450 na DS923+ ya matundu manne kwa dola 600. Kasha lao la kupanulia, DX517, lina matundu matano na lilikuwa likiuzwa karibu dola 500 likiwa tupu. Mnaona wenyewe: dola 150 zinawapa matundu mawili ndani ya kasha moja, kwa adapta moja ya umeme na feni zile zile. Njia ya pembeni inawatoza zaidi ya mara tatu ya hapo, bila diski hata moja.

Ya tatu watu wachache huifikiria. Makasha ya kupanulia yana vizazi, na kizazi kipya si lazima kikubali cha zamani. DX517 huunganishwa kwa waya wa eSATA. DS925+ iliyofuata mwaka 2025 ilihamia USB-C na kasha jipya la DX525. Anayepanga kununua kasha la pembeni baada ya miaka mitatu anategemea kifaa ambacho huenda hakitakuwa dukani, na akikipata kitakuwa mtumba.

Siku mkilazimika kuwa na kasha la pembeni, msilitumie kurefusha hazina (nafasi moja inayoundwa na diski kadhaa) ya diski zilizo ndani ya NAS. Litengenezeeni hazina yake peke yake. Hazina moja ikitandazwa juu ya makasha mawili, waya ukichomoka au adapta moja ikizimika, NAS inaona diski kadhaa zimepotea kwa mpigo na inaifunga hazina nzima. Mtu anafagia chini ya meza, anagusa waya, na kazi ya studio nzima inasimama. Kasha likiwa na hazina yake, kitakachokosekana ni vilivyomo ndani yake tu, na vinarudi waya ukirudi.

Kasha lipi

Kwa studio isiyo na mtu wa IT, uzuri wa Synology ni programu yake, hasa mpangilio wa diski unaoitwa SHR. Huo ndio unaokubali diski za ujazo tofauti na kuhama wenyewe kutoka diski mbili kwenda tatu bila kufuta kitu. DS423 ndiyo ya chini ninayoweza kuikubali kwenu: matundu manne, poti za gigabiti, RAM ya GB 2 isiyoongezeka. Kwa kutunza na kugawa mafaili inatosha. DS423+ ina prosesa ya Intel, lakini prosesa hiyo inawafaa wanaotaka NAS icheze filamu kwenye TV na kubadilisha muundo wa video papo hapo. Ninyi mnaediti kwenye kompyuta zenu, kwa hiyo hiyo ni hela ya diski. DS925+ ina poti mbili za gigabiti 2.5, jambo zuri mkiwa na swichi ya kasi hiyo.

Kuna jambo mtalisikia dukani kuhusu Synology. Aprili 2025 kampuni ilitangaza kwamba modeli zake mpya za Plus zitataka diski zilizoidhinishwa nayo tu. Wateja walikasirika, na Oktoba 2025, kwa toleo la 7.3 la DSM, programu inayoendesha NAS zake, iliruhusu tena diski za kampuni nyingine kwenye modeli hizo. Kwa hiyo mkinunua modeli ya 2025, sasisheni kwanza hadi 7.3 kabla ya kutengeneza hazina.

Ukiangalia chuma peke yake, Ugreen DXP4800 na TerraMaster F4-424 zinatoa zaidi kwa hela ile ile: matundu manne, RAM ya GB 8 na poti mbili za gigabiti 2.5. TerraMaster ina mpangilio wake uitwao TRAID unaofanana na SHR. Ugreen hutumia RAID za kawaida, ambazo hazina shida iwapo diski zote mtanunua za ujazo mmoja. QNAP TS-464 nayo ni nzuri na ina nafasi ya kuongeza kadi ya netiweki, lakini mipangilio yake ni mingi na asiyeizoea hupotea humo.

Kuna pia njia ya kompyuta ya ofisini ya mtumba, zile Dell na HP za kusimama, ukaiwekea OpenMediaVault au TrueNAS, programu za bure za kuigeuza kuwa NAS. Kwa fundi anayependa kazi hiyo ni nafuu kweli. Shida ni kwamba zile nyembamba hazina nafasi ya diski nne kubwa, na plagi zake za umeme wa ndani si za kawaida, kwa hiyo watu hugawa umeme kwa waya za bei ya chini zilizoyeyushiwa plastiki pamoja na pini. Pini hizo husogea ndani ya plastiki, zinagusana, na plagi inaungua pamoja na diski. Mkichagua TrueNAS jueni pia kwamba uwezo wa kuongeza diski moja moja kwenye RAIDZ, yaani RAID ya mfumo wake wa faili OpenZFS, umekuja kwenye OpenZFS 2.3 ya Januari 2025, na kwamba diski mbili pacha hazigeuki kuwa RAIDZ. Aliyeanza na pacha huongeza pacha nyingine. Mpango wa kuanza na mbili kisha tatu hauendi huko.

Diski zenyewe

Hapa ndipo hela nyingi inapotelea. Kuna diski za CMR, ambazo njia zake za kuandikia hazilaliani, na za SMR. Kwenye SMR njia za kuandikia zimelaliana kama mabati ya paa: ukitaka kubadilisha bati la katikati, lazima uinue yanayolilalia. Diski hiyo ikitumika kama eksteno huoni tatizo. Ndani ya RAID, siku diski mwenzake imekufa na mpya inajazwa upya kwa saa nyingi mfululizo, inashindwa kuandika kwa kasi, NAS inachoka kuisubiri na kuitangaza mbovu wakati haijafa. Mwaka 2020 iligundulika kwamba WD Red za kawaida za TB 2 hadi 6 zilikuwa SMR bila mnunuzi kuambiwa. Tangu hapo za CMR zinaitwa WD Red Plus. Kwa hiyo someni neno Plus kwenye lebo. Seagate IronWolf na Toshiba N300 ni CMR. Seagate Barracuda ya TB 8, namba ST8000DM004, ni SMR, na bei yake itawavutia. Iacheni.

Mtaambiwa pia mchukue diski za CCTV, WD Purple au SkyHawk, kwa kuwa kila duka la kamera linazo. Zinafanya kazi, ila zimetengenezwa kwa kuandika video bila kukatika, na zikikuta kosa dogo zimezoea kusonga mbele. Kwenye kamera ya getini fremu moja ikiharibika hakuna anayejali. Kwenye picha ya bibi harusi ni jambo jingine. Bei ikiwa sawa, chukueni ya NAS.

Kisha kuna mtumba unaouzwa kama mpya. Mwanzoni mwa 2025 huko Ulaya diski za Seagate zilizotumika maelfu ya saa ziligundulika zikiuzwa kama mpya, kaunta ya saa ikiwa imerudishwa sifuri. Kilichowaumbua wauzaji ni kumbukumbu ya pili ndani ya diski, inayoitwa FARM, ambayo ilibaki na saa za kweli. Kabla ya kuweka kazi yoyote, chomekeni diski kwenye kompyuta yenye smartmontools, programu ya kupima afya ya diski, toleo la 7.4 au jipya zaidi, muandike:

`smartctl -a /dev/sda`
`smartctl -l farm /dev/sda`

Badala ya sda wekeni jina la diski yenu. Amri ya pili ni ya Seagate tu. Saa zilizoandikwa kwenye kipengele namba 9 zikilingana na za FARM, na zote zikiwa chache sana, hiyo ni mpya. Vipengele 5, 197 na 198, vinavyohesabu sehemu mbovu za diski, vyote viwe sifuri. Kipengele 199 kikipanda baadaye, mtuhumuni waya au tundu kabla ya diski. Halafu washeni jaribio refu kwa `smartctl -t long /dev/sda`. Kwa TB 12 litachukua saa 18 hadi 20, na liendeshwe waranti ya duka ikiwa bado mbichi. Mkiweza, nunueni diski mbili kutoka maduka tofauti, ili zisiwe zimetoka kwenye boksi moja lililodondoshwa safarini.

Waya ndio breki

Diski moja ya leo husoma MB 180 hadi 250 kwa sekunde. Netiweki ya gigabiti hupitisha kama MB 110. Maana yake waya unajaa kabla diski haijachoka, na kununua diski za kasi au kuweka SSD ya kache hakutawaongezea chochote. Hela hiyo ikipatikana, iende kwenye swichi ya gigabiti 2.5, ambayo hupitisha karibu MB 280 kwa waya zile zile za Cat5e, mradi kadi za kompyuta nazo ziwe za 2.5.

Kabla ya hapo hakikisheni hata gigabiti yenyewe mnayo. Rauta za bure za intaneti mara nyingi zina poti za megabiti 100, ambazo ni MB 11 tu kwa sekunde. Kuhamisha TB 1 kwa kasi hiyo ni saa 25, na kwa gigabiti kamili ni saa mbili na nusu. Nunueni swichi ya gigabiti ya poti tano au nane, NAS na kompyuta zote zichomekwe hapo, na rauta ichomekwe hapo kwa ajili ya intaneti tu. Sababu nyingine ya kushuka hadi 100 ni waya. Gigabiti hutumia jozi zote nne, na jozi moja ikikatika au kubanwa vibaya kwenye plagi, vifaa vinakubaliana kimyakimya kushuka hadi 100. Waya za alumini zilizopakwa shaba juu ndizo bingwa wa hilo, kwani hukatika zikikunjwa kwenye kona. Waya wa shaba tupu ni mzito ukiupima mkononi, na ukikwangua uzi wake ndani ni mwekundu, si mweupe.

NAS ikiwa na poti mbili za gigabiti, kuziunganisha hakumpi mtu mmoja MB 220. Kila kompyuta inabaki na 110 zake. Faida ni kwamba watu wawili wakivuta pamoja hawagombani.

Je, mnaweza kuediti moja kwa moja kutoka NAS? Video ya 4K ya megabiti 100 hutumia MB 12.5 kwa sekunde. Watu watatu, kila mmoja na kamera mbili kwenye taimlaini, ni MB 75, na kwa hesabu inatosha. Lakini kichwa cha diski kinarukaruka kati ya mafaili sita, na mtu wa nne akianza kunakili kadi, picha zinaanza kukwama. Utaratibu unaokwenda vizuri ni huu: harusi inayoeditiwa wiki hii ikae kwenye SSD ya kompyuta ya mhusika, ghafi zake ziwe tayari NAS, na kazi ikikamilika mradi mzima urudi NAS. Au mtengeneze faili nyepesi za proksi na kuzieditia kutoka NAS. Kwa Wi-Fi msijaribu.

Umeme na joto

Kasha la matundu manne likiwa na diski zake hutumia kama wati 35. Kwa mwezi ni uniti 25, na kwa kuwa elfu kumi hununua takriban uniti 28, ni kama shilingi elfu tisa. Hiyo si shida. Shida ni kukatika.

RAID huandika data na taarifa zake za kuokolea kwenye diski tofauti. Umeme ukikatika katikati, upande mmoja umeandikwa na mwingine haujaandikwa, na kutolingana huko kunaweza kukaa kimya miezi hadi siku diski inapokufa na NAS inapotegemea taarifa zile za zamani. Kwa hiyo UPS iingie kwenye bajeti ya siku ya kwanza, hata kama itawalazimu kuchukua kasha la chini kidogo. UPS ya VA 650 yenye kurekebisha volteji inatosha NAS, swichi na rauta. Sharti iwe na poti ya USB ya mawasiliano, ichomekwe kwenye NAS, na NAS iwekwe izime yenyewe baada ya dakika tano bila umeme. UPS isiyo na USB inaichelewesha ajali tu, kwa sababu umeme ukikatika saa nane usiku hakuna wa kuja kuzima. Wekeni pia NAS iwake yenyewe umeme ukirudi. Betri ya UPS kwenye joto letu huchoka ndani ya miaka miwili au mitatu. Kila baada ya miezi mitatu chomoeni plagi ya ukutani mkiwa mmekaa hapo, muone kama inashika.

Diski zibaki chini ya nyuzi 50, na 35 hadi 45 ndiyo hali nzuri. Msifungie kasha kabatini wala kuliegemeza ukutani upande wa feni, na vumbi la feni lipulizwe kila mwezi.

RAID haikuzuii kupoteza

Pacha inawaokoa diski moja ikifa. Haiwaokoi mtu akifuta folda, radi ikipiga, mwizi akiingia au kirusi kikifunga mafaili, kwa sababu diski zote mbili hupokea balaa kwa wakati mmoja. Kwa kufuta na virusi, washeni snapshoti, yaani hali ya folda inayohifadhiwa kila siku kwa ajili ya kurudia, mtunze za siku 14. Hazina itengenezwe kwa mfumo wa faili wa Btrfs ili hilo liwezekane.

Msifungue poti ya rauta ili kuifikia NAS mkiwa nje. Januari 2022 kirusi cha Deadbolt kilifunga mafaili kwenye NAS nyingi za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti, wenyewe wakaamka na kudaiwa malipo ya bitcoin. Zimeni UPnP, inayoruhusu vifaa kufungua poti vyenyewe, kwenye rauta, funguni akaunti iitwayo admin, na mkitaka kuingia mkiwa ukumbini tumieni Tailscale, inayowekwa kwenye NAS na kwenye laptopu bila kufungua poti yoyote.

Eksteno zenu sita msiziuze. Hizo ndizo zitakuwa bakapu, na zile za kazi zilizofungwa zikae nyumbani kwa mmoja wenu, si studio. Kila kazi mpya inakiliwe kwenye eksteno siku ile ile kadi inapopakuliwa, na kadi isifutwe kabla haijaonekana sehemu mbili. Zikijaa, nunueni eksteno moja kubwa badala ya ndogo tatu. Na kwenye mkataba na mteja andikeni kwamba video ghafi hutunzwa miezi sita au kumi na miwili baada ya kukabidhi kazi. Ghafi ndizo zinazokula TB zenu. Sentensi hiyo moja inaweza kusogeza mbele siku ya kununua diski ya tatu kwa muda mrefu.

Siku ya kuanza, na siku ya diski ya tatu

Wekeni diski mbili kwenye tundu la 1 na la 2, sasisheni programu, tengenezeni hazina moja ya SHR (au RAID 1 kwa kampuni nyingine) na folda tatu: ghafi, kazi, zilizokabidhiwa. Hamisheni eksteno moja moja, na kabla ya kwenda ya pili linganisheni idadi ya mafaili na ukubwa wa folda pande zote. Kwenye eksteno sita kwa kawaida kuna kazi zilizonakiliwa mara mbili, kwa hiyo huenda TB 6 zenu zikashuka. Kisha futeni makusudi faili moja isiyo na maana, muirudishe kutoka snapshoti, ili kila mmoja wenu ajue njia.

Hazina ikikaribia asilimia 80, agizeni diski ya tatu, msisubiri 95. Iwe TB 12 au zaidi. Mkiweka TB 16 kwenye SHR, TB 4 zake zitakaa bure hadi diski ya nne nayo iwe ya 16, ndipo mtafika TB 40. Ipimeni kwa smartctl kama zile za mwanzo. Kabla ya kuichomeka hakikisheni bakapu iko sawa na UPS inashika, kwa sababu kubadili pacha kuwa diski tatu kunamaanisha kila kipande cha data kinasomwa na kuandikwa upya. Kwenye Synology mnafungua Storage Manager, mnachagua hazina, mnabonyeza kuongeza diski. Kwenye RAID ya kawaida mnachagua kuhama kutoka RAID 1 kwenda RAID 5. Kazi hiyo kwa TB 12 inaweza kuchukua siku mbili hadi tatu, NAS ikiendelea kutumika ila kwa uzito. Anzeni Jumapili jioni, baada ya kupakua kadi za wikendi, na msiizime hadi asilimia zifike 100. Nafasi mpya haitaonekana kabla ya hapo, hata kama taa ya tundu la 3 imekuwa kijani tangu dakika ya kwanza.